Chuo Kinachokuhitaji: Maneno kwa Vijana wa Mambasa na Wazazi Wao

Mhadhara wa wazi kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa humanite, wazazi na walimu, Mambasa, Ituri



Kila mwaka matokeo ya Egzetati, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa tunawamwagia vijana wetu poda, tunaimba, tunazunguka mji kwa pikipiki. Ni furaha ya haki. Miaka sita ya sekondari katika wilaya ambayo barabara yake hufungwa na mvua au na risasi si jambo dogo. Lakini poda ikishaoshwa, swali huingia nyumbani: aende wapi, na nani atalipa?

Nimeona familia nyingi zikilijibu swali hilo kwa mpangilio uleule. Kwanza hutajwa chuo chenye jina kubwa. Pili huhesabiwa fedha, nazo hazitoshi. Tatu hutafutwa ndugu anayeishi mjini, awe Bunia, Kisangani, Beni au Kampala, na kijana hupelekwa kwake asome chochote kilicho karibu na nyumba ya ndugu huyo. Katika mpangilio huo wote, kijana mwenyewe hajatazamwa. Hakuna aliyeuliza anajua nini, anapenda nini, anaweza kazi gani, na ni chuo gani duniani kinachotafuta mtu wa namna yake.

Nimekuja kuwaomba tuugeuze mpangilio huo. Tuanze na kijana. Kisha tutafute chuo kinachomhitaji kijana wa namna hiyo. Fedha zije nafasi ya tatu. Sisemi hivyo kwa kuzidharau fedha. Nasema hivyo kwa sababu fedha nyingi za ufadhili hupita katika njia hiyohiyo: mfadhili humlipia mwanafunzi anayehitajika katika kazi ya mfadhili huyo. Anayeomba ufadhili bila kujua anahitajika wapi atatuma barua mia na kukosa mia. Anayejua anahitajika wapi ana sababu ya kutumaini, hata akituma chache.

Ushahidi kutoka Epulu

Sitaenda mbali kutafuta ushahidi. Tukishika barabara ya taifa namba 4 kuelekea Nia-Nia tunafika Epulu, ndani ya Hifadhi ya Okapi iliyoundwa mwaka 1992 na kuingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1996. Hifadhi hiyo ni karibu moja ya tano ya msitu wote wa Ituri. Hapo, katika kituo cha utafiti na mafunzo cha CEFRECOF, alifanya kazi mtaalamu wa mimea Corneille Ewango.

Ewango hakuzaliwa katika nyumba ya maprofesa. Amesimulia mwenyewe hadharani kwamba alikulia katika familia ya wawindaji, na kwamba alitamani kuwa daktari. Mambo hayakwenda hivyo. Katika Chuo Kikuu cha Kisangani alisoma biolojia. Wazazi wengi wangesema kijana ameanguka, maana kwetu biolojia husomwa kama faraja ya aliyekosa udaktari. Lakini biolojia ndiyo iliyomkutanisha na kitu alichokuwa nacho tangu utoto, yaani msitu.

Tangu mwaka 1994, katika sehemu za Edoro na Lenda, watafiti walipima viwanja vyenye jumla ya hekta 40, kila mti wenye kipenyo cha sentimita moja na zaidi ukapewa namba yake. Ewango akaingia katika kazi hiyo na kuzama katika elimu ya zile kamba za msitu zinazopanda juu ya miti. Vita vilipofika na wakubwa wengi kuondoka, yeye alibaki, akaficha kompyuta, takwimu na sampuli za mimea zisiporwe. Mwaka 2005 alitunukiwa Tuzo ya Goldman, ambayo hutolewa kwa watetezi wa mazingira duniani kote.

Sasa sikilizeni alikosoma baadaye. Shahada ya uzamili aliipata Chuo Kikuu cha Missouri–St. Louis, Marekani. Uzamivu aliupata Wageningen, Uholanzi, mwaka 2010, na utafiti wake ulihusu kamba zilezile za msitu wa Ituri. Ni wangapi kati yetu wangevitaja vyuo hivyo kama wangeulizwa vyuo vikubwa vya dunia? Hata hivyo, St. Louis ndiko iliko Bustani ya Mimea ya Missouri, mojawapo ya hazina kubwa za sampuli za mimea ya Afrika. Wageningen ni mji mdogo wenye chuo kilichojengwa juu ya kilimo na misitu. Mtu wa kamba za Ituri hakuwa mgeni wa bahati katika mahali hapo. Alikuwa mtu ambaye kazi ya vyuo hivyo ilimhitaji. Mwenzake katika utafiti wa Ituri, Jean-Remy Makana, alipata uzamivu wake Toronto, Kanada, kwa kuichunguza miti ya msitu huuhuu. Wote wawili wakarudi kufundisha Kisangani.

Kwa hiyo msitu ambao kijana wa Mambasa huuonea haya anapofika mjini, akiitwa mtu wa porini, ndio uliofungua milango ya vyuo vya mabara mawili.

Mfano wa pili unatoka Kenya. Mwaka 1960 Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa Marekani katika mpango uliosukumwa na mwanasiasa Tom Mboya na kusaidiwa na familia ya Kennedy. Alikwenda Atchison, mji mdogo katika jimbo la Kansas, kwenye chuo cha wasichana kilichoendeshwa na watawa Wabenedikto. Alikuwa ametoka Loreto Limuru, shule ya watawa, hivyo nidhamu ya mahali pale aliielewa na walimu walimjua kwa jina. Alisoma biolojia, akamaliza mwaka 1964, akaendelea Pittsburgh, na mwaka 1971 akapata uzamivu Nairobi. Mwaka 2004 alipokea Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kazi ya kupanda miti. Chuo kidogo kilichomfaa kilimjengea msingi ambao huenda chuo kikubwa kisingempa, maana katika ukumbi wa wanafunzi mia tano msichana mgeni hupotea bila mtu kujua.

Kijana wa Mambasa ana nini?

Hapa nawaomba walimu na wazazi mtumie muda, maana hapa ndipo tunapoharakisha. Mambasa ni wilaya kubwa kuliko zote za jimbo la Ituri. Kijana aliyekulia hapa ana mali ambazo hazimo katika buletini.

Ana lugha. Yupo anayezungumza Kibila, Kilese, Kindaka au Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa darasani na Lingala na madereva na askari. Chuo kinachofundisha tafsiri, uandishi wa habari, sheria ya ardhi au kazi za kibinadamu kinamtafuta mtu kama huyo. Akiongeza Kiingereza, milango ya Uganda, Kenya na Tanzania iko wazi kwake.

Ana kilimo. Kakao imebadilisha maisha ya vijiji vingi vya Mambasa. Kijana aliyechachusha na kuanika kakao tangu utotoni anajua mambo ambayo mwanafunzi wa agronomia wa mjini huyasoma katika picha. Lakini anajua pia ugonjwa wa mimea, ugomvi wa mipaka ya mashamba na bei inayopangwa na wengine. Hayo ni maswali ya utafiti, na maswali mazuri ndiyo yanayowavutia walimu wa chuo.

Ana maarifa ya dhahabu na mbao, mema na mabaya. Aliyeuona mto ukigeuka tope kwa sababu ya machimbo anaweza kusoma jiolojia, kemia ya maji au sheria ya madini kwa moyo ambao hautokani na vitabu.

Na kuna ndugu zetu Wambuti. Mzee Mmbuti anayeutambua mti kwa gamba na harufu yake ana elimu ambayo wataalamu wa mimea huitafuta kwa miaka. Lakini watoto wa Wambuti wanaofika Egzetati ni wachache mno, na mara nyingi kizuizi cha kwanza ni karatasi: mtoto hakuandikishwa alipozaliwa. Mwaka 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda na kukuza haki za watu wa asili Wapigme, ambao Wambuti ni miongoni mwao, na huduma za msingi za jamii ni sehemu ya haki hizo. Sheria haitembei yenyewe hadi kijijini. Mwalimu mkuu anayemsaidia mtoto mmoja wa Kimbuti kupata cheti cha kuzaliwa amefanya kazi ya ufadhili kabla mfadhili yeyote hajatokea.

Basi kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aandike ukurasa mmoja: ninajua kufanya nini, nimefanya nini kwa mikono yangu, swali gani la hapa kwetu linaninyima usingizi, na ni somo gani nalisoma hata bila kuambiwa. Ukurasa huo ndio mwanzo wa barua zote za maombi atakazoandika.

Hesabu ya kweli

Tuingie katika fedha, tuzungumze wazi. Mzazi akiuliza gharama ya chuo, huambiwa minevali, yaani ada ya masomo. Minevali ni sehemu tu. Kuna kuandikishwa, chumba, chakula, silabasi za kunakili, intaneti, safari, mazoezi ya kazi, na mwishoni kuna kazi ya kumaliza masomo pamoja na gharama za kuitetea. Vijana wengi tunaowajua waliokatisha masomo hawakushindwa na minevali ya mwaka wa kwanza. Walishindwa na chumba na chakula cha mwaka wa pili.

Tanzania ina Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kenya ina HELB tangu mwaka 1995. Kwetu mzazi ndiye bodi ya mikopo, na amekuwa hivyo tangu miaka ya 1990, serikali ilipoacha kuwalipa walimu ipasavyo na familia zikaanza kubeba shule mabegani. Katiba imeahidi elimu ya msingi bila malipo, na tangu mwaka 2019 ahadi hiyo imeanza kutekelezwa. Chuo kikuu hakimo katika ahadi hiyo. Ndiyo maana uchaguzi wetu lazima uwe wa makini kuliko wa mtu mwenye mkopo wa serikali nyuma yake.

Pigeni hesabu ya miaka yote, tangu siku ya kwanza. Katika mfumo wa LMD (lisansi, uzamili, uzamivu), ulioanza rasmi katika vyuo vyetu mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu katika fani nyingi. Zidisha chumba, chakula na safari kwa miaka mitatu. Ikiwa familia inaweza miaka miwili tu, isianze kwa kutumaini muujiza. Itafute mapema chuo ambacho kijana anaweza kufanya kazi huku anasoma, au fani fupi ya uuguzi au ualimu ambayo atafanyia kazi kisha aendelee.

Vyuo vya karibu visidharauliwe. Bunia kuna chuo kikuu cha serikali, kuna Taasisi ya Juu ya Ualimu, na kuna Chuo Kikuu cha Shalom, kilichoanza mwaka 1961 kama shule ya teolojia na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu chenye fani nyingine. Beni kuna Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, UCBC, kilichoanza mwaka 2007, ambako mwanafunzi hujifunza kwa Kifaransa na Kiingereza na kufanya kazi za mikono kama sehemu ya malezi yake. Butembo kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, chenye utabibu, agronomia na matibabu ya mifugo. Kisangani kuna chuo kikuu kilichoanzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, ambacho leo ndicho nyumba ya elimu ya misitu ya Kongo, kikiwa jirani na kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi.

Kila kimoja kina mtu kinayemfaa. Kijana wa kakao atazame Graben au Kisangani. Mwenye lugha atazame Beni, lakini familia ipime hatari ya barabara ya Komanda hadi Luna na isimtume mtoto njiani kila likizo. Mwenye wito wa kufundisha atazame Bunia, apate chumba karibu na ndugu, arudi kufanya mazoezi ya ufundishaji katika shule zetu.

Kabla ya kulipa popote ulizeni mambo haya. Je, chuo kina kibali cha Wizara ya Elimu ya Juu, na diploma zake zinatambuliwa? Walimu wanaishi hapo, au wanakuja wiki mbili kumwaga somo na kuondoka? Maabara ina vifaa vinavyotumika? Kati ya walioanza mwaka wa kwanza, wangapi walimaliza? Waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Mkuu wa chuo kizuri hatakasirika kuulizwa. Na msiulize ofisini tu: mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mumnunulie chai, mumsikilize.

Milango ya ufadhili

Sasa niwataje wafadhili ninaowajua, kila mmoja na mtu anayemtafuta. Sikilizeni hilo la pili kuliko la kwanza.

Ndani ya nchi kuna mpango wa Excellentia wa Wakfu wa Denise Nyakeru Tshisekedi. Huo humtafuta aliyefaulu Egzetati kwa asilimia za juu. Kijana mwenye asilimia 58 asipoteze moyo wake hapo, lakini mwalimu anayemwona mwanafunzi wa mwaka wa tano aking'ara amwambie leo kwamba mlango huo upo.

Kuna BEBUC, ufadhili ulioanzishwa na maprofesa wawili wa kemia, Gerhard Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, na Virima Mudogo wa Kinshasa, kwa ajili ya wanafunzi bora wa vyuo vya Kongo. Bringmann kwa miaka mingi amechunguza kamba za misitu ya Kongo ili kupata dawa za malaria. Tazameni jinsi msitu unavyotufuata kila tunakogeuka. Ufadhili huo humfuata mwanafunzi aliyekwisha kuonyesha uwezo katika chuo cha hapahapa. Kwa hiyo aliyeanza Kisangani bila ufadhili hajafungiwa njia. Alama za mwaka wa kwanza nazo ni maombi.

Kwa watu wa misitu na wanyama, ngazi imepangika vizuri kuliko katika fani nyingi. Kisangani, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa misitu cha CIFOR, imekuwa ikifundisha wataalamu wa ngazi ya uzamili na uzamivu kwa ufadhili. Kinshasa kuna ERAIFT, shule ya misitu ya tropiki iliyo chini ya UNESCO tangu mwaka 1999, kwa waliokwisha kupata shahada. Kamerun kuna Shule ya Wanyamapori ya Garoua, iliyoanzishwa mwaka 1970, ambako wahifadhi wengi wa ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira ya asili, walisomea kwa Kifaransa. Tanzania kuna chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1963, kwa anayeweza Kiingereza.

Kwa aliyefiwa na baba au mama, au wote wawili, na Ituri ina wengi, kuna Ashinaga, shirika la Japani linalowapeleka yatima wa Afrika kusini mwa Sahara katika vyuo vya nje kwa gharama zake. Ashinaga haimtafuti anayelia zaidi. Humtafuta anayeweza kueleza atakaporudi atafanyia nini nchi yake. Anayezungumza Kifaransa anaweza kuomba.

Kwa ndugu zetu waliovuka ziwa na sasa ni wakimbizi Uganda, kuna DAFI, ufadhili wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa na serikali ya Ujerumani, uliopo tangu mwaka 1992. Huo huombwa katika nchi ya ukimbizi. Mpigieni simu binamu aliye kambini Kyangwali, mwambieni.

Wakfu wa Mastercard una mpango wa wanafunzi ulioanza mwaka 2012, nao hupitia vyuo vyenyewe: Makerere mjini Kampala, USIU-Africa mjini Nairobi na vingine. Unaomba chuo, na chuo ndicho kinachokuchagua. Humtafuta kijana asiye na uwezo wa fedha ambaye tayari amewatumikia wenzake. Miongoni mwa vyuo vilivyowahi kushirikiana na mpango huo kimo EARTH, chuo cha kilimo cha Costa Rica, ambako wanafunzi wa Amerika ya Kilatini na Afrika husoma huku wanalima. Mtoto wa shamba la kakao hahitaji kuomba radhi mahali pale.

Uturuki hutoa ufadhili wake wa Türkiye Bursları: masomo, malazi, posho ya kila mwezi, tiketi ya ndege na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Kuomba ni bure. Lakini kwa shahada ya kwanza mwombaji awe hajafikisha miaka 21. Kijana aliyepoteza miaka miwili kwa vita na mmoja kwa kungoja jamaa alipe, anaweza kuupoteza mlango huo kwa miezi michache tu. Msikalishe watoto nyumbani.

Marekani kuna vyuo vichache vinavyomlipia mgeni maskini mahitaji yake yote bila kumhukumu kwa umaskini, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. Wanaoomba ni maelfu kwa maelfu. Kipo pia Berea, katika milima ya Kentucky, kilichoanzishwa mwaka 1855 na wapinzani wa utumwa. Hakitozi ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi ya chuo angalau saa kumi kwa wiki. Humtafuta kijana asiye na fedha aliyezoea kazi. Nafasi za wageni ni chache na masharti ya viza hubadilika, lakini nawatajia ili mwone kwamba chuo kinaweza kujengwa tangu msingi kwa ajili ya mtu kama wewe.

Tena tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nchi za jumuiya zilitangaza mwaka 2017 kwamba elimu yao ya juu ni eneo moja. Kijana wetu anapoomba chuo cha Uganda, Kenya au Tanzania, aulize kwa maandishi: je, nitalipa ada ya raia wa Afrika Mashariki au ya mgeni? Jibu hilo laweza kupunguza mzigo wa familia kwa kiasi kikubwa.

Karatasi, muda na matapeli

Wengi hukosa ufadhili kwa karatasi. Tangu mwaka wa tano kijana awe na dosie yake: cheti cha kuzaliwa, buletini za miaka yote, barua za walimu wawili wanaomjua kwa kweli, picha, na pasipoti ikiwezekana. Diploma yenyewe huchelewa kufika kutoka Kinshasa, kwa hiyo chukueni hati ya kufaulu na muitunze. Kila karatasi ipigwe picha na kuhifadhiwa katika barua pepe, maana nyumba huungua na watu hukimbia. Jina liandikwe namna moja kila mahali. Herufi moja ikitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na pasipoti, miezi hupotea.

Barua ya maombi isinakiliwe. Wasomaji wake wameisoma mara elfu ile inayoanza kwa kusema kwamba elimu ni ufunguo. Andika kuhusu mto wako, kakao yako, zahanati ya kijiji chako, na swali lako. Mwalimu wa Kifaransa airekebishe lugha, lakini asiiandike.

Na jihadharini na wezi. Mtu akikutumia ujumbe kwamba umepata ufadhili ambao hukuuomba, huyo ni mwizi. Akikuomba dola hamsini kwa simu ili dosie ipite, huyo ni mwizi, hata akivaa suti na kunukuu Biblia. Chuo kinaweza kutoza ada halali ya kuandikishwa, nayo hulipwa benki na kupewa stakabadhi. Mfadhili wa kweli hamtozi maskini anayetaka kumsaidia. Msichana akiambiwa kwamba nafasi yake ina bei nyingine, aondoke, awaambie wazazi, nasi wazazi tumsikilize bila kumlaumu.

Wajibu wetu

Wazazi wangu, nimesema ufadhili humfuata anayehitajika. Basi kazi yetu ni kulea watoto ambao dunia itawahitaji, na kuwasaidia waonekane. Kila shule ya sekondari ya Mambasa imteue mwalimu mmoja wa kushughulikia habari za vyuo. Awe na daftari lenye majina ya vyuo, tarehe za mwisho za maombi na masharti. Akienda Bunia penye intaneti nzuri, arudi na habari mpya kwa wote. Kazi hiyo haihitaji mradi wa mtu kutoka nje. Inahitaji daftari, nauli na uaminifu.

Makanisa, misikiti na vyama vya wakulima wa kakao vinaweza kuweka mfuko mdogo usiolipa minevali ya mtu mmoja kwa upendeleo, bali unaolipa vitu vile vidogo vinavyowakwamisha wengi: pasipoti, mtihani wa Kiingereza, tafsiri ya hati, nauli ya kwenda kwenye usaili. Mfuko wa namna hiyo unaweza kuwasukuma vijana kumi mlangoni kwa fedha ambazo zingemsomesha mmoja kwa mwaka.

Na ninyi vijana mtakaopata, nawadai jambo moja tangu leo. Mwaka wenu wa kwanza chuoni, mtafuteni kijana mmoja wa Mambasa aliye nyuma yenu mumshike mkono: msomeeni barua yake, mwambieni masharti yaliyofichika, mkumbusheni tarehe. Si lazima awe ndugu yenu, wala wa kabila lenu. Wilaya hii imegawanywa vya kutosha.

Msiende kuomba huruma ya mtu. Nendeni mkiwa na jibu la swali ambalo kila chuo kizuri kitawauliza: umekuja na nini? Mtoto wa Mambasa anayeweza kulijibu swali hilo kwa ukweli na kwa mifano, ana haki ya kusoma popote duniani, na ana wajibu wa kuomba.

Sasa maswali yenu, na tuanze na wasichana.